Waya Mweupe

12 Januari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na lile goti limepoa. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanionea.

Mjomba, ndani ya kifurushi hiki kuna kidude cheusi chenye mkia. Kinaitwa adapta. Upande mmoja kina matundu matatu: la njano, jekundu na jeupe. Hapo utachomeka nyaya za deki yako ya zamani. Upande wa pili kina kichwa bapa kinachoingia ubavuni mwa kompyuta. Kanda ikicheza kwenye deki, kompyuta inaidaka na kuihifadhi.

Nataka ile kanda ya video uliyompiga mama nikiwa na wiki tatu. Bibi, kabla hajafariki, aliniambia ipo kabatini kwako. Mwezi wa sita natimiza miaka ishirini na sita, umri ule ule aliokufa nao mama. Sura yake ninayo kwenye picha. Sauti yake sijawahi kuisikia. Nataka tu nijue alikuwa anaongeaje, hata kama anaomba maji ya kunywa.

Mpwa wako


2 Februari

Mpwa wangu, mboni ya jicho la ukoo,

Marahaba mara mia. Mimi sijambo kabisa. Goti lilipona lenyewe lilipoona nalidharau.

Kidude kimefika. Ulivyonifundisha matundu na rangi zake nilicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Unamfundisha samaki kuogelea? Mimi ndiye niliyeleta kamera ya kwanza ya video mtaa huu. Ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka minne, na niliibeba bega hili hili harusi kumi na mbili mfululizo bila kuishusha. Harusi moja nyuki walivamia. Bwana harusi akatoka mbio, wazee wakaingia chini ya meza, mimi nikabaki nimesimama nawapiga nyuki video. Mwishowe nyuki wenyewe wakajipanga mstari.

Deki ilikuwa imelala miaka kumi na tano. Nikaifungua, nikatoa mjusi mkavu, nikasugua kichwa cha deki kinachosoma kanda kwa pamba na spiriti, mkanda wake uliolegea nikaubadilisha kwa raba ya kufungia mifuko. Ikakohoa mara tatu, ikazunguka. Nikaipeleka kwa Mama Chapa, yule mwenye duka la kuchapa barua pale kona. Kompyuta ni yake, na hata barua hii anachapa yeye, maana mwandiko wangu ni kama kuku amekanyaga wino.

Mwanangu, picha ikatokea! Mama yako amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni la maua madogo, wewe umeviringishwa pembeni kama mkate. Anatabasamu. Mdogo wangu alikuwa na tabasamu la kuzima taa.

Ila sauti haipiti. Sauti hupita kwenye waya mweupe, na adapta yako ni mbovu upande huo. Vitu vya siku hizi maganda matupu. Tuma nyingine.

Wako asiyeshindwa,
Mjomba


25 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa Mama Chapa. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Kwa hiyo anatabasamu!

Nimenunua adapta nyingine, duka tofauti. Nilimng'ang'ania muuzaji mpaka akaijaribu mbele yangu kwa deki yake mwenyewe. Sauti ilipita safi. Nimeweka na nyaya mpya, asije mtu akasingizia nyaya.

Picha usinitumie kwanza. Nataka nimwone na nimsikie kwa pamoja, kwa mara moja. Nimengoja maisha yangu yote, wiki mbili tatu hazitaniua.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Huku wote wazima, mvua ndiyo imetuchoka sasa.

Adapta ya pili nayo imegoma. Nimekaa nayo siku tatu, nimeibembeleza, nimeitukana, wapi. Lakini mimi siyo mtu wa kushindwa bila kujua kilichonishinda. Nimegundua kwamba sauti za zamani zilikuwa nene. Watu walikuwa wanaongea kwa kifua. Ukitaka kuipitisha sauti ya namna hiyo kwenye kitundu hiki chembamba, ni kama kumpitisha ng'ombe dirishani. Fundi mmoja mkubwa wa redio, ambaye ufundi nilimfundisha mimi, naye kasema hivyo hivyo.

Na kwani lazima sauti? Mimi si nipo? Nitakueleza. Sauti ya mama yako ilikuwa asali inamiminwa. Akiimba wakati wa kufua, ndege walinyamaza wajifunze. Ridhika na picha, mama. Kwenye picha anatabasamu.

Mjomba wako

Dada, nisamehe. Huyu ni Mama Chapa, mchapaji. Mzee katoka kidogo kununua bahasha. Adapta zako zote mbili nzima. Waya mweupe unapitisha sauti vizuri tangu siku ya kwanza, lakini ni muziki, wa magitaa bila mwimbaji, kuanzia mwanzo wa kanda hadi mwisho. Midomo ya mama yako inacheza, ila neno husikii hata moja. Nilipomuuliza mzee aliniambia, "Wewe chapa ninachosema." Nimechapa. Hili la chini nimeliongeza mwenyewe, na barua naikunja kabla hajarudi.


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo.

Muziki huo aliuweka nani, na kwa nini? Usimpe Mama Chapa achape jibu. Andika kwa mkono wako, kuku akanyage tu.

Mpwa wako


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma. Lilikuwa linauma hata ile siku niliyosema limepona.

Barua yako imekaa chini ya mto wangu wiki sita. Muziki niliuweka mimi.

Siku zile kazi ilikuwa hivyo, nilifundishwa na aliyeniuzia kamera. Ukishapiga harusi, unarudi dukani, unabonyeza kitufe kwenye deki, makelele ya watu yanafutika na unamwaga muziki juu yake. Picha inabaki ilivyo. Wateja walipenda. Lakini kanda ya mama yako haikuwa na mteja.

Nilikwenda kwenu saa kumi jioni. Kamera nilikuwa nayo wiki moja tu. Nilitaka kanda ya kuonyesha watu dukani, mama na mtoto mchanga, wajue naweza. Baba yako alikuwa safarini. Nikamkuta mdogo wangu amelala, nikamwamsha. Akasema, "Kaka, si leo. Kichwa kinanipasuka, na macho yananionyesha vimulimuli." Nikamwambia, "Kaa hapo ukingoni dakika mbili tu." Akakaa. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ndala hazimwingii. Ukiangalia kanda utaona miguu haionekani. Niliikwepa kwa sababu ilikuwa inaniharibia picha.

Akasema, "Kaka, nipeleke hospitali." Nikamwambia, "Huo uchovu wa uzazi. Nitakupeleka, lakini mwanga wa dirishani ndio huu unakwisha. Tabasamu kidogo." Akatabasamu. Tangu utoto alikuwa ananitii. Nilipiga dakika ishirini na moja, na ndani yake alinibembeleza mara nne. Ya mwisho alisema, "Basi hata mwite jirani."

Nikatoka nikisema nafuata gari. Njiani nikapita kijiweni kuwaonyesha wenzangu kamera. Mmoja akatazama kitunduni, na mwingine naye akataka, kila mtu akawa ananiita fundi. Unanijua. Niliporudi na gari nilikuta majirani wamemshika, anatetemeka mwili mzima na meno yamekaza. Tulimfikisha. Alfajiri akafa.

Msibani watu waliuliza, jamani, hakuonyesha dalili yoyote? Nikasema alikuwa mzima, anacheka, tena nimempiga video. Maneno hayo yalinitoka tu kama mengine yanavyonitoka. Bibi yako akasema anataka kuiona. Nikamwambia mama, ngoja niitengeneze kwanza. Nikaenda dukani nikabonyeza kile kitufe.

Bibi yako aliiangalia mara moja. Akasema, "Kweli, mwanangu alikuwa anacheka." Akanishukuru.

Sauti yake haikuwa asali. Ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeumwa.

Mjomba


18 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa kimya, na si kwa sababu ya kazi. Mwezi wa sita ulikuja ukapita.

Mama Chapa amenitumia ile video kwa mtandao. Niliangalia mara ya kwanza na muziki wako. Mara ya pili nikauzima, nikashika barua yako mkono mmoja, nikawa nafuata midomo yake neno kwa neno. "Kinanipasuka", midomo inafumba pale pale inapotakiwa kufumba. "Nipeleke hospitali", pia. Nimehesabu, ni mara nne kweli. Mjomba, nilikuwa naomba uwe umedanganya. Maisha yako yote unadanganya, na barua moja niliyoomba iwe uongo ndiyo uliyoandika ukweli.

Usiniulize kama nimekusamehe. Sijui.

Lakini kuna kitu hukukiandika. Mwisho kabisa, kabla picha haijakatika, anakuacha wewe, anageuka upande niliolala mimi. Ananiinamia, anasema kitu kifupi. Midomo inafumba mara mbili. Nimekirudia mpaka macho yameniuma. Nimesimama mbele ya kioo nikajaribu jina langu, nikajaribu maneno mengine, kila moja naona linafanana.

Ulikuwa chumbani peke yako naye. Hakuna mtu mwingine duniani wa kumuuliza. Aliniambia nini?

Mpwa wako


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo.

Kabla ya hii nimekuandikia barua tatu. Ya kwanza nilisema alikuita kwa jina. Ya pili nilisema alikuambia, "Mwanangu mzuri." Ya tatu ilikuwa ndefu, nzuri kuliko zote, ungelia na ungeiamini. Zote tatu nimezichoma.

Dakika ile nilikuwa natazama kitaa chekundu cha betri kwenye kamera, kilikuwa kinawakawaka. Sikumsikiliza. Na siku ile dukani maneno yake yote yalikuwa bado yamo ndani ya kanda, kila neno, mpaka hilo lako. Niliogopa kumsikia. Nikapunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho, nikabonyeza, nikakaa nimeipa mgongo mpaka ikaisha.

Sijui alikuambia nini, mama. Sijui.

Mjomba