Ndoo ya Shubiri Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Ndoo ya ekskaveta yangu ni pana kama mlango. Bomba la maji linapita uchochoroni, kati ya nyumba za watu. Mashine yenyewe inapita kwa shida — nikichimba na ndoo ile, misingi yote itakuwa nje. Nimemwambia mhandisi. Kasema nichimbe tu, kuta zitajijua zenyewe. Zitajijua! Angekuwa mama yake ndiye anayelala nyuma ya ukuta ule, angesema hivyo? Nimezima mashine, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea.

Jumanne, 5 Machi

Tumeokota ndoo kuukuu, tukaikata na kuibana hadi shubiri mbili. Meno tumeyatoa kwenye springi za lori. Mhandisi kapita, kacheka mpaka kashika mbavu — eti kijiko cha uji! Jaribio la kwanza ni aibu tupu. Udongo wa mfinyanzi umenasa ndani, haumwagiki hata nitikise vipi. Kesho tunapanua mdomo, nyuma pabaki pembamba.

Jumatano, 6 Machi

Inamwaga! Mita arobaini, hakuna ukuta uliopata ufa. Mhandisi hacheki tena. Sasa anaiita "ndoo yetu". Yetu!

Alhamisi, 7 Machi

Nina hasira! Tangu mwanzo nilisema: bomba liunganishwe juu, kisha literemshwe. Mfereji huu ni wa bomba, si wa mtu, na kina chake kinanizidi kimo. Leo mhandisi kasema kuunganishia juu kunachelewesha, mtu atashuka. Mtu gani? Kamnyooshea kidole shemeji yangu, mume wa dada, fundi bomba tunayemwita Sindano kwa wembamba wake. "Huyu ataenea." Watu wakacheka. Na Sindano naye kacheka, kichwa kimemvimba kama kapewa cheo!

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi bonge la udongo limeporomoka mferejini. Limeanguka lenyewe, hakuna aliyeligusa. Mhandisi kasema ni vumbi tu. Vumbi la uzito wa ng'ombe!

Sindano kavua shati ili aenee vizuri. Nimemuuliza kama anataka dada abaki mjane. "Shem, usinitie nuksi, kazi yenyewe ya nusu saa."

Basi kabla hajashuka nimewasha mashine, nikafukia. Mita kumi nzima, kwa ndoo hiyohiyo niliyoitengeneza mwenyewe. Imeniuma, lakini nimefukia.

Naandika ndani ya kebini, mlango nimeufunga. Mhandisi anagonga kioo, anataka ufunguo, anasema nimeshafukuzwa. Dada kapiga simu mara tatu, sijapokea. Nimwambie nini — kwamba mumewe ni mzima, ila kaninunia?

Sindano hataki hata kunitazama. Kachukua koleo. Anachimba palepale nilipofukia, na sasa hivi shimo limemfika kiunoni.