Mahindi ya Mama wa Foleni

Mdogo wangu Nekesa, hapo Bungoma mko salama? Huku Mowlem baridi inaingia mpaka mifupani.

Jana nilibadilisha jina la safu wima moja kwenye hifadhidata ya zahanati zetu, nikasahau ile SQL, amri za kutafuta wagonjwa, niliyoiandika kwa mkono ya pale mapokezi, nayo ilibaki na jina la zamani. Wagonjwa wakapotea kwa mfumo. Mfumo mkubwa hivi, nani atakumbuka kila pembe? Ningekusikia uliponisihi nitumie ORM, ile programu inayojiandikia SQL yenyewe, jina lingekaa mahali pamoja, nibadilishe hapo tu. Nami nilikuita mvivu.

Nilipofika pale mapokezi kurekebisha, mama mwenye mtoto mgonjwa wa homa alinisogezea nafasi kwenye benchi, akanikatia mahindi choma yake. "Hata wewe wamekupoteza kwenye mfumo?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikala.

Msalimie mama yetu sana, lakini kadi hii usimsomee.

Dadako