Bingwa wa Dakika Nne

Lyle, itangazie California yote: rafiki yako ndiye bingwa wa hotuba wa bweni letu! Nimeushika ubingwa dakika nne nzima.

Ile hotuba ya kukata bata mzinga niliyoiiba kwenye filamu ya zamani ya Wendell Prouty imewavunja watu mbavu. Lakini jaji mmoja, kikongwe kutoka Burbank, alikuwa anacheka KABLA sijafika kwenye utani. Kabla, ndugu yangu! Huyu anajua nini?

Akanikabidhi kikombe, akaninong'oneza, "Na kile kikohozi cha katikati, kijana, umekitunga mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Ajabu. Wendell alikuwa na mafua siku ile. Kamera nilishika mimi."

Nikamrudishia kikombe. "Nisamehe, mzee. Nimeiba yote. Hata mafua si yangu."