Kurasa za Lin Nimezifuta kwa Mkono Wangu

Diani, Jumanne, Novemba 1999

Mvua ya vuli inanyesha tangu alfajiri. Hoteli haina wageni.

Lin amekamatwa.

Lin si jina lake, na mji wao sitautaja. Mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandao mnamjua: yule Mchina aliyekuja kujifunza Kiswahili, akaishi kwetu Msambweni mwaka mzima, akamwita mama yangu Mama. Aliporudi kwao alifungua ukurasa kwenye mtandao, akaandika habari za kiwanda cha babake. Wafanyakazi waliachishwa kazi bila malipo, na walipoandamana wakapigwa. Serikali yao ikaufunga ukurasa ule. Basi akawa ananitumia maandishi yake kwa barua pepe, kwa Kiswahili, nami nayaweka hapa kwa kompyuta ya hoteli, zamu yangu ya mapokezi ikiisha.

Nilijiona jasiri.

Leo asubuhi simu ya mapokezi imelia. Alikuwa ni rafiki yake, aliyesoma naye Kiswahili. Alisema polepole, akichagua kila neno.

"Dada, wamemchukua. Nyumba wameipekua, kompyuta wameibeba. Yale maandishi yaliyo kwako, tafadhali yafute. Watayatumia kumwongezea kifungo."

"Ni Lin mwenyewe aliyesema niyafute?"

"Haturuhusiwi kumwona. Ni mamake anayekuomba."

Nikaweka simu chini, nikakaa kwenye kompyuta.

Nimeyafuta, ukurasa baada ya ukurasa. Ule wa babake akilia mbele ya lango la kiwanda niliusoma tena kabla ya kuuondoa. Kinachoniuma ni kwamba hakuna askari aliyenisimamia. Serikali ile haijui hata Diani iko wapi, na kazi yake nimeifanya mimi.

Nimetoka kazini nikaenda moja kwa moja Msambweni. Mama nilimkuta jikoni anakuna nazi. Nilimwamkia, nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja.

"Kwani kaiba?" aliniuliza.

"Hakuiba, mama. Ameandika."

"Uongo?"

"Kweli tupu."

Aliiacha nazi, akajifunika uso kwa leso. Tangu tumzike baba sijamwona akilia vile.

Baadaye akauliza, "Na mamake, yuko na nani?"

Sikujua. Muda wote huu Lin ananiandikia, sikuwahi kumuuliza.

"Mwandikie basi. Mwambie nami huku nalia."

"Barua zao zinafunguliwa, mama."

"Na wazifungue! Wajue kwamba mtoto huyu ana watu wanaomlilia."

Usiku huu nimerudi hotelini kuandika haya; barua ya mamake nitaiandika kesho. Salamu tu, na machozi ya mama. Zaidi ya hapo sitathubutu. Hata hivyo sijui kama itamfikia.