Mutombo Anacheza Winga Yako

Kasongo, ndugu yangu,

Jumapili tumefungwa matatu kwa moja kule Elisabethville. Naanza na hilo ili usilisikie kwa mtu mwingine. Bao letu moja lilitoka winga ya kushoto, na aliyelifunga ni Mutombo.

Ndiyo, huyo huyo. Mutombo seremala wa misheni, aliyekuvunja mguu. Anacheza mahali pako, na mimi ndiye niliyemweka. Kasirika ukitaka, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana ulipokuwa hai hukunisikiliza mpaka mwisho hata siku moja. Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule ya mapadri, kile ulichokuwa ukikicheka, ukiniita yaya, kaka mkubwa. "Yaya Ilunga, unasema sawa kitabu ya misa." Cheka tena. Sijui kuandika kingine.

Ulipoondoka, Kamina ilikuwa bado inacheza ngoma. Siku nane tu zilikuwa zimepita tangu tuwafunge wale wachimba migodi wa Jadotville na timu yetu ya Nyundo kupanda daraja la kwanza. Ulivaa jezi yako ndani ya koti ukapanda treni ya Bukama. Ulisema mama yako hawezi kuamini jambo la mpira mpaka alishike kwa mkono. Kutoka Bukama ukachukua meli ya mto mpaka Mulongo, na siku ya tatu karani wa simu ya waya alikuja mwenyewe karakana ya reli, kofia mkononi. Nilipomwona amevua kofia nikaweka nyundo chini. Alisema mtumbwi uliokuwa ukiwatoa melini kwenda nchi kavu ulipinduliwa na upepo. Alisema ulimfikisha mwanamke mmoja na mtoto wake kwenye matete, kisha ukarudi kumfuata mwanamume aliyekuwa akipiga kelele katikati ya maji. Kati yenu wawili hakuna aliyetoka.

Nilikimbilia Bukama, meli ilikuwa imeondoka. Nilikaa pale juu ya magunia siku mbili, na walipokuzika mimi nilikuwa bado nakaa juu ya magunia. Hilo sitaki kuliandika zaidi.

Nataka kukuandikia yaliyofuata, kwa sababu watu walianza kutuzika na sisi. Sokoni, kwa kinyozi, kwenye foleni ya bomba, maneno yalikuwa hayo hayo: bila Kasongo, Nyundo haimalizi mvua mbili daraja la kwanza. Gazeti moja la Elisabethville likaandika kwamba Kamina ni stesheni ya kubadilisha treni, kwa hiyo timu yake nayo itateremka, ibadilishe, irudi ilikotoka. Mtu alilibandika ukutani karakana. Nililisoma mara mbili, nikaliacha pale pale. Nilitaka kila mtu alione kila asubuhi.

Bwana mkubwa wa depo ya treni, rais wa timu yetu, naye alikuwa amelisoma. Alituita sote chini ya paa la bohari akasema ataleta watu watano kutoka Elisabethville, na watano wetu watakaa benchi. Akataja majina. Kabamba, beki wetu, kwa sababu hajazoea viatu. Mzee Ngoy golini, kwa sababu ya umri. Na wengine watatu, wale wale waliolala sakafuni mwa behewa nawe tulipokwenda kucheza Jadotville. Kabamba alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Unajua mimi si mtu wa kusimama. Wewe ndiye uliyekuwa ukisimama. Lakini wewe ulikuwa Mulongo chini ya mchanga, basi nikasimama.

"Weye Ilunga," Bwana akasema, "hauyasoma gazeti?"

"Nasoma, Bwana. Lakini mwenye kuandika ile gazeti hayafika Kamina."

Sijui sauti hiyo niliitoa wapi, ya kumwambia Bwana kwamba mwandishi hajawahi kufika kwetu. Bwana akasema vizuri, anatupa majuma matatu. Tutafute winga wa kushoto hapa hapa Kamina, tucheze na timu ya askari wa kambi, na tushinde. Tukishinda, hataleta mtu. Tusiposhinda, watano wanakuja na mimi nitakuwa wa sita kukaa benchi.

Nilijaribu watu wawili mahali pako. Wa kwanza alikuwa na mbio, lakini mpira ulikuwa unamkimbia kuliko alivyoukimbiza. Wa pili alitaka kupigia mguu wa kulia kila kitu. Nikabaki na jina moja ambalo sikutaka kulitamka. Nililizunguka siku nne. Nilipolitamka mbele ya timu, Kabamba aliondoka mazoezini bila kuaga. Mzee Ngoy akasema: "Kama hakuna mwingine, hakuna mwingine. Enda."

Nilimkuta Mutombo misheni akipiga randa benchi za kanisa. Hakuacha kupiga randa. Nikamwambia ninachotaka. Akasema: "Kasongo alikufa hayanisalimia. Minyi nitavala jezi yake namna gani?" Ni kweli, hukumsalimia tena tangu siku ile, lakini nikasema timu ni ya Kamina, si yako wala yangu. Alipuliza unga wa mbao, akafikiri. "Mama yake iko kwako. Aseme yeye."

Ni kweli, mama yako alikuwa kwangu. Alikuja kuchukua vitu vyako, kitanda, baiskeli, lile sanduku lako la bati, akakaa nasi kungoja treni ya kurudi. Mutombo alikuja jioni baada ya kazi, amevaa shati safi. Alipiga magoti mlangoni akapiga makofi ya salamu kama inavyotakiwa, na mama yako alikuwa anachambua majani ya muhogo kwa sombe. Nitakuandikia maneno yao kama yalivyokuwa, kwa sababu una haki nayo.

"Njo weye ulivunja mutoto yangu muguu?"

"Njo minyi, Mama."

"Ulipenda kumuvunja, ao ilikuwa bahati mbaya?"

Kasongo, nilitaka kujibu mimi. Miaka minne nilikuwa nikikuambia ilikuwa bahati mbaya. Mutombo akainamisha kichwa, lakini alisema.

"Nilipenda, Mama. Alikuwa ananipita kila mara. Batu walikuwa wananicheka."

Mama yako aliendelea kuchambua majani. Mke wangu alisimama akatoka nje. Mimi nilibaki nimeshika ukuta, nikingoja amfukuze, na moyoni nilikuwa karibu kumsaidia kumfukuza.

"Ukicheza, utakimbia kweli?"

"Nitakimbia, Mama."

"Basi ukimbie. Minyi sina mutoto mwingine wa kutuma kule."

Akamwambia anyanyuke, magoti yatamuuma. Akamwekea bukari ya unga wa mahindi na sombe na ule samaki mkavu aliokuja nao, na Mutombo alikula akilia, bila kujifuta, kama mtu anayekula kwenye mvua.

Sasa lipokee na langu. Wewe ulikuwa unasema kweli, na mimi nilijua. Siku ile nilikuwa hatua tatu kutoka kwenu, nikaona mguu wake ukiinuka na nikaona macho yake. Nilikuambia bahati mbaya kwa sababu nilijua ungekwenda kumpiga misheni, wangekufukuza kazi, na Nyundo ingebaki bila winga. Nilihesabu timu kwanza, wewe baadaye. Mtu aliyekuvunja alikiri kwa mama yako kabla mimi rafiki yako sijakiri kwako. Nisamehe kama unaweza.

Mechi na askari ilikuwa mbaya. Watu wetu wenyewe walimzomea Mutombo tangu alipoingia. Walimwita majina ambayo sitayaandika. Mara moja alibaki peke yake na kipa akapiga nje, na uwanja mzima ukacheka. Askari walikuwa wakubwa, wamelishwa nyama, viatu vyao kama vya kuvunjia mawe. Walitangulia mbili kwa moja. Nilimwona Mutombo akitazama upande wa mama yako, aliyekuwa ameketi kwenye kiti changu kandokando ya mstari wa chokaa. Mama yako hakupiga makofi wala hakuzomea. Alikuwa anamtazama tu, anaona kama anakimbia.

Alikimbia. Karibu na mwisho alimpita beki, akampita tena alipomrudia, akainua mpira, na Kabamba, Kabamba ambaye hakuwa amemsemesha neno, akatoka nyuma kabisa akaupiga kichwa ukaingia. Mbili kwa mbili. Ikaishia hapo.

Bwana akaja uwanjani. "Nilisema kushinda," akasema. Ilikuwa kweli, alisema hivyo.

Nilikuwa nimetayarisha maneno, yakapotea yote. Mzee Ngoy ndiye aliyeanza. Alivua jezi, akaikunja vizuri kama mtu anayefunga sanduku la safari, akaiweka kwenye kiti cha Bwana. Kabamba akaweka yake juu. Mimi nikaweka. Wote, mmoja mmoja, bila kupangana, mpaka kumi na moja. Mutombo alikuwa wa mwisho, alikuwa ameivaa siku moja tu. Tukasimama mbele yake vifua wazi, jasho linatutoka. Nyuma ya chokaa, wale waliokuwa wanazomea wakasogea waone.

Nilifikiri atatupeleka polisi. Aliwasha sigara, ikazimika, akawasha tena. "Munapenda nini?"

Mzee Ngoy akajibu: "Kipa moya, Bwana. Mikono yangu imezeeka, minyi mwenyewe najua. Wengine hapana."

Umesikia hilo, Kasongo? Aliitoa nafasi yake mwenyewe ili watu wanne wabaki. Miaka kumi na mbili golini, kisha akaiweka mezani kwa sentensi moja.

Bwana alikubali. Kisha akanigeukia akasema tukishuka daraja, mimi nitahamishwa kituo kidogo porini, nikapige kengele ya treni mbili kwa juma mpaka nistaafu. Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Mke wangu amekwisha kuniuliza kama huko kuna shule. Nimemwambia hatutajua, kwa sababu hatuendi.

Kipa aliyekuja anaitwa Célestin. Anakula bukari ya watu watatu na haogopi kitu. Mzee Ngoy anamfundisha kila jioni, anamrushia mipira mpaka mkono unamuuma.

Na Jumapili, basi. Uwanja wa Elisabethville una jukwaa la saruji, na kelele zake zinakuangukia kichwani. Walituita watu wa pori. Walipomwona Kabamba anatembea na viatu kama mtu anayevuka matope, walicheka mpaka akasahau kazi yake. Mabao mawili yakaingia kabla hatujajua upande wa lango letu. La tatu ni langu, niligusa mpira kwa mkono ndani ya boksi, penalti. Sikumlaumu mtu. Mapumziko nilimwambia Kabamba avue viatu akili imrudie, kisha avivae tena. Akavivua, akakaa kidogo na miguu yake, akavivaa. Kipindi cha pili hakupitwa.

Bao la Mutombo lilikuja wakati watu wa jukwaani walikuwa wameanza kuzungumza mambo yao. Alikata kuingia ndani kama ulivyokuwa ukifanya, lakini si kama wewe, nisikudanganye. Wewe ulikuwa unateleza. Yeye anakwenda kama mtu anayesukuma mlango. Mlango ukafunguka. Hakushangilia. Alichukua mpira wavuni akakimbia nao katikati, na kwa dakika kumi zile, ndugu yangu, wao ndio waliokuwa wanapoteza muda, wanalala chini, wanafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Wachezaji wa mji, mbele yetu. Kabamba aliliona hilo. Ndani ya treni ya kurudi alihama benchi akaenda kuketi na Mutombo. Hawakuongea sana. Waligawana karanga.

Unataka kujua tutabaki au tutashuka. Nitakuambia ninachokiona. Nyuma tuna nguvu, Kabamba akizoea viatu watamkimbia. Célestin ana mikono mizuri na kichwa kigumu. Katikati nipo mimi, na mapafu yangu si ya zamani. Mbele tunakosa mtu wa kufanya watu wasimame kabla hajagusa mpira, na mtu huyo hatutampata tena, nimeacha kumtafuta. Timu nyingine zina madaktari na viatu jozi mbili mbili. Mtu mwenye akili akiangalia hayo yote atasema tunashuka. Gazeti limekwisha kusema tena juzi.

Mimi nasema hatushuki. Sina sababu nzuri ya kukupa. Nina Mzee Ngoy anayerusha mipira kwa mkono unaomuuma. Nina mtu aliyekiri kwa mama yako akaendelea kukimbia. Nina kumi na moja waliovua jezi bila kupangana. Jumapili ijayo mabingwa wenyewe wanakuja hapa, kwa treni yetu, juu ya reli ambazo tunazitengeneza sisi. Watateremka kwenye jua la Kamina, watacheza kwenye udongo wetu mwekundu, mbele ya watu wetu. Waje.

Mama yako amerudi Mulongo. Alikataa kuchukua baiskeli, akasema Mutombo anatembea mbali sana kuja mazoezini, apewe yeye. Nilimpa. Usiseme kitu.

Lala, Kasongo. Mechi ya mwisho ikiisha, nitapanda meli na timu nzima tuje Mulongo, na safari hii sitaikosa hata nikiingoja mwezi. Tutacheza hapo kijijini kwenu ili mama yako aone, kisha nitakuja mpaka ulipo na nitakuambia mwenyewe. Tukiwa tumebaki daraja la kwanza, nitakuambia nikiwa nimesimama. Tukiwa tumeshuka, nitakuambia nikiwa nimesimama vilevile.

Yaya yako,
Ilunga