Machozi Niliyoandikiwa kwa Kiingereza

Jumamosi, baada ya kuanua kahawa

Huyu Agnesi, mjukuu wangu, ameniliza kwa Kiingereza! Amekuja kutoka shuleni Kigonsera na insha kuhusu siku tulipohamia kijiji cha ujamaa. Mwalimu wao amewaambia waipambe kwa maneno ya hisia.

Nikamwambia anifasirie. Eti moyo wa bibi ulipasuka kama chungu, machozi yakamtoka kama mvua.

“Mvua gani? Uliikinga kwa ndoo?”

“Bibi, mwalimu anataka msomaji aione huzuni.”

“Na Jumatatu utaisoma mbele ya darasa zima, wajue bibi yako ni mtu wa kulialia? Futa!”

“Sasa niandike nini?”

“Andika nilichofanya. Niling’oa mafiga yangu matatu yakiwa bado na joto, nikayabeba kichwani kwenye kikapu. Njia nzima sikumsalimu mtu, hata katekista.”

Akaandika huku amenuna. Kisha akainua kichwa.

“Bibi, na huzuni niiweke wapi?”

“Si imo kikapuni, mjinga wewe!”

Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Akanisomea upya kwa Kiingereza chake. Sikuelewa kitu, ila nilijua amefika kwenye mafiga, maana sauti ilimshuka.

Nina hofu kidogo. Mwalimu asipoyaona mapambo yake, mtoto atakosa alama kwa sababu ya kiburi changu.

Kulia nililia, ndiyo. Lakini nililia mtoni, peke yangu, na Kiingereza hakikuwepo.