Kamba Uliyoifunga Langoni Hatherstow

Nyumba ya Pili, Kando ya Mfereji,
Hatherstow, Uingereza.
9 Septemba 1998

Mpendwa mpwa wangu Lyndon,

Salamu nakuletea, ingawa sijui kama unazistahili. Mkeo Odette hajambo? Baridi ya Kanada haijawaumiza kifua? Mimi ni mzima. Daktari amenipima moyo akauliza kama nimemeza injini ya boti.

Sasa tuseme la kweli. Jumanne katibu wetu Glenys aliisoma barua yako mbele ya kamati nzima ya mfereji. Umeandika kwamba mjomba wako ndiye aliyekuambia ufunge kamba ya boti. Haya huna?

Lango hili la maji, la kupandishia na kushushia boti mferejini, nimelifufua mimi. Lilikuwa limejaa matope na magodoro miaka arobaini, na Jumamosi moja nilitoa tani sita kwa koleo kabla ya chai. Mlango wake wa mbao za mwaloni tuliubeba hivi: upande mmoja mimi, upande wa pili watu kumi na wanane.

Ndiyo, nilisema ufunge. Nilisema asubuhi, mkipanda. Boti ikipanda, maji yanaingia kwa fujo, na kamba inalegea yenyewe. Jioni mlikuwa mnashuka. Maji yanatoka chini ya boti, kwa hiyo kamba unaiachia kidogo kidogo. Hata bata wa hapa wanajua. Wewe ukakaza fundo ukaingia ndani kukaanga mayai, boti ikaning'inia ukutani kama koti. Odette ndiye aliyeikata kamba kwa kisu cha mkate, huku akikuita, "Toka humo, mpumbavu wewe, tunapinduka."

Kwenye kamati Glenys akaniuliza, "Na wewe Mervyn, ulikuwa wapi?"

"Nafungulia maji."

"Ya mfereji au ya mdomoni, mpenzi?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Basi nikakiri. Nilikuwa nimewapa mgongo, nawasimulia wageni habari za samaki wangu wa kilo ishirini.

Tarehe mbili Oktoba wataamua kama nitabaki langoni au nikauze keki kibandani. Kosa langu nimelibeba. Lako libebe: waandikie kwamba asubuhi si jioni. Ukiandika, mkija tena nitawapitisha kwa mikono yangu. Usipoandika, mje kwa treni.

Mama yako Maureen anakusalimu, na shangazi Enid pia. Mungu akuzidishie afya, na akili kidogo.

Mjomba wako akupendaye, leo kwa shida,
Mervyn